Namna ya kuandika wasifu wa baba aliyekuwa mchungaji

Kazi ya kuandika wasifu wa marehemu humwangukia mtu ambaye hakuiomba, mara nyingi yule mwanafamilia anayesifiwa kwamba anajua kuandika, na humfikia katika saa ambazo hata kujibu salamu za pole ni taabu. Marehemu akiwa alikuwa mchungaji, kazi huzidi ugumu, kwa sababu watakaosikiliza ni makundi mawili yaliyomfahamu mtu mmoja kwa sura mbili: washarika waliomwona mimbarani akiwa amevaa joho, na watu wa nyumbani waliomwona usiku wa Jumamosi akishona kifungo cha joho hilohilo.

Nimesoma na kuhariri wasifu nyingi za namna hii, na kosa ninalolikuta mara nyingi zaidi halihusu sarufi wala urefu. Karatasi huwa imejaa utumishi, lakini mtu mwenyewe hayumo. Inaanza na tarehe ya kuzaliwa, inapita vyuoni, inaorodhesha usharika mmoja baada ya mwingine, inataja kamati alizoziongoza, kisha inafunga kwa sentensi moja isemayo kwamba marehemu ameacha mjane, watoto na wajukuu. Mwanamke aliyeishi naye miaka 40 amepewa neno moja. Ili kupima kama rasimu yako imeangukia hapo, lifute jina la marehemu na uweke la mchungaji mwingine wa kanisa lilelile. Kama karatasi bado inasomeka vizuri na hakuna anayeshtuka, basi wasifu haujaandikwa bado.

Kabla ya kushika kalamu

Maandishi yanayohitajika wakati wa msiba ni ya aina tatu, na kuyachanganya ndiko kunakozaa hotuba ndefu ambazo watu huzisikiliza huku wakitazama saa. Lipo tangazo la kifo, yaani tanzia, ambalo kazi yake ni kueleza nani amefariki, lini, na ibada itafanyika wapi na saa ngapi. Hilo linataka usahihi tu, na sifa si mahali pake. Upo wasifu unaosomwa ndani ya ibada ya mazishi. Halafu ipo kumbukumbu ya familia, ambayo haina haraka, inaweza kuandikwa mwaka mzima, na inaweza kubeba hata visa ambavyo havifai kusomwa kanisani. Mwongozo huu unahusu ule wa kati, lakini kila utakachokikusanya kikakosa nafasi kihifadhi kwa ajili ya kumbukumbu ya familia, wala usikilazimishe kuingia.

Jambo la kwanza la kufanya ni kumwuliza atakayeongoza ibada umepewa dakika ngapi. Kwa kipimo changu mwenyewe, mtu anayesoma polepole akiwa na huzuni hapiti sana maneno 100 kwa dakika, kwa hiyo dakika 8 ni maneno 800 hivi, yaani kurasa tatu za herufi kubwa. Ukijua kiasi hicho mapema utaacha mambo kwa hiari yako, badala ya kukatizwa na kiongozi wa ibada ukiwa umefika mwaka wa tatu wa chuo cha theolojia.

Mwandishi awe mmoja. Watu kumi wanaweza kusimulia, na wawili wanapaswa kuhakiki, mmoja wa nyumbani na mmoja wa kanisani, lakini mkono unaoandika uwe mmoja tu. Wasifu ulioandikwa na kamati hutambulika kwa sikio, kwa sababu kila mjumbe amedai aya yake, na marehemu anasifiwa kwa upole mara nne katika maneno manne tofauti.

Tarehe, majina na vyeo

Usitegemee kumbukumbu za watu walio katika majonzi, hata wale wanaosema kwa uhakika mkubwa. Tafuta karatasi: cheti cha kuzaliwa au cha ubatizo, cheti cha ndoa, hati ya kuwekwa wakfu, barua za uhamisho, barua ya kustaafu. Zikikosekana nyumbani, ofisi ya kanisa huwa na vitabu vya kumbukumbu, na katibu atakusaidia zaidi ukimpa jina kamili na mwaka wa kukisia kuliko ukimwomba "kila kitu". Karatasi mbili zikitofautiana, kwa mfano cheti kimoja kikionyesha mwaka mmoja wa kuzaliwa na kingine mwaka mwingine, waulize wazee wa ukoo. Wasipoafikiana, andika kwamba alizaliwa kati ya miaka hiyo miwili. Hakuna aibu katika hilo, na ni afadhali kuliko kuchonga kwenye jiwe la kaburi tarehe ambayo ndugu watabishana juu yake baadaye.

Hatua za utumishi zitenganishe kwa uangalifu. Mwaka wa kuingia chuoni, mwaka wa kuhitimu, siku ya kuwekewa mikono na siku ya kukabidhiwa usharika wa kwanza ni matukio tofauti, na wenzake katika utumishi watasikia kosa hapo kabla ya mtu mwingine yeyote. Katika makanisa mengine mtu hupewa kwanza daraja la ushemasi, kisha ukasisi. Katika mengine hutumika miaka mingi akiwa mwinjilisti kabla ya kubarikiwa kuwa mchungaji. Miaka hiyo ya mwanzo usiiruke kana kwamba ilikuwa ya kungoja tu, kwa sababu mara nyingi ndimo zilimo habari bora za maisha yake, kabla hajapata ofisi. Cheo nacho kitaje kama kanisa lake lilivyokitaja, kwa ukamilifu, mara moja mwanzoni. Baada ya hapo chagua namna moja ya kumwita na uishike hadi mwisho: msomaji akiwa mtoto wake, "baba" inatosha na inapendeza, akiwa mtu wa nje, "marehemu" au "Mchungaji". Anayeruka kutoka "baba" kwenda "mtumishi wa Mungu" kisha "mzee wetu" huwachosha wasikilizaji bila kujua.

Orodha ya watoto ndipo misiba mingi inapopata jeraha la pili. Kubalianeni juu yake na mjane kabla ya kitu chochote kupigwa chapa: watatajwa kwa mfuatano wa kuzaliwa au la, mtoto aliyetangulia kufa atatajwa vipi, aliyelelewa nyumbani bila kuzaliwa hapo atahesabiwa vipi, na aliyezaliwa kabla ya ndoa atasimama wapi. Familia za wachungaji hushawishika kuficha jambo hilo la mwisho kuliko familia nyingine zozote, wakihofia heshima ya marehemu. Uamuzi ni wao, si wa mwandishi, lakini mwandishi ana wajibu wa kuwaeleza wazi kwamba mtoto atakayerukwa siku ile hatasahau, na kwamba kusanyiko zima litakuwa limeshuhudia. Kisha soma kila jina kwa sauti mbele ya mwenye jina hilo au mtu wa karibu naye.

Kumpata mtu mwenyewe

Ukimwuliza mjane mumewe alikuwa mtu wa namna gani, atakujibu kwamba alikuwa mpole, mcha Mungu na mwenye upendo. Jibu hilo ni la kweli, lakini haliandikiki, kwa kuwa wajane wote wema hulitoa. Muulize mambo yenye saa na mahali. Jumapili alipotoka kanisani, kitu cha kwanza alichokifanya alipofika nyumbani kilikuwa nini? Ni nani aliyesikia mahubiri yake kabla ya washarika? Alipotoka kuzika mtoto wa watu, alirudi akiwa na hali gani? Ni wimbo gani aliupenda na hakuuweza? Watoto walimwomba nini akakataa, na kitu gani alikataa mara tatu kisha akakubali? Maswali ya namna hii huamsha kumbukumbu ambazo swali la jumla huzilaza, na mara nyingi mjane ataanza kujibu huku akicheka. Kicheko hicho ni dalili kwamba umefika mahali panapostahili kalamu. Anyamazapo, mwache anyamaze; usimjazie neno.

Wazee wa kanisa watakuja wenyewe na hotuba zao, kwa hiyo wewe nenda kwa wale ambao hawatakuja: mtunza funguo za kanisa, mpiga kinanda, aliyefagia ofisi yake, dereva, kijana aliyeshindwa kukariri mafundisho ya kipaimara mara mbili. Hawa walimwona mchungaji pale alipokuwa hana hadhira, na mtu hujulikana zaidi hapo.

Kisha omba kuona vitu vyake. Niliwahi kuombwa kuandika wasifu wa mchungaji mmoja ambaye watoto wake walinihakikishia kwamba maisha yake yalikuwa ya kawaida na hayana mengi ya kusimulia. Nikaomba Biblia yake. Ilikuwa imefungwa kwa mkanda wa kiatu kwa sababu jalada lilikwisha kuachia, na kila alipohubiri juu ya andiko fulani alikuwa ameandika tarehe pembeni kwa penseli, kwa herufi ndogo kama punje za mtama. Pembeni mwa Zaburi ya 23 tarehe zilikuwa zimejaa ukingo mzima, zikapanda juu ya ukurasa na kuzunguka, kwa sababu ndiyo aliyoisoma makaburini. Tarehe moja kati ya hizo ilikuwa na alama ndogo ya msalaba. Mjane alipoiona alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba hiyo ndiyo siku waliyomzika mtoto wao wa pili, na baba mwenyewe ndiye aliyesoma. Tarehe iliyofuata chini yake ilikuwa ya siku tisa baadaye: mazishi ya msharika mmoja, ambayo mchungaji mwenzake alikuwa amejitolea kuyaongoza kwa niaba yake, naye akakataa, akaenda. Watoto waliokuwa wakubwa wa kutosha kukumbuka kifo kile hawakuwahi kujua habari za siku ya tisa. Aya hiyo moja ilimweleza baba na mchungaji kwa pamoja, na nilifuta kurasa mbili za kamati na semina ili ipate nafasi.

Si kila marehemu ataacha Biblia ya namna hiyo, lakini karibu kila mmoja ameacha kitu. Angalia madaftari ya mahubiri, shajara, picha zenye maandishi nyuma, kanda za sauti, ujumbe wa simu, na hasa barua alizowaandikia watoto akiwa safarini. Martin Luther, mwanamatengenezo wa kanisa wa Ujerumani, ameacha mahubiri na vitabu vya kujaza kabati, lakini anayetaka kumwona akiwa baba atafanya vyema kuisoma barua aliyomwandikia mwanawe Hans mwaka 1530 kutoka ngome ya Coburg, wakati mambo makubwa ya kanisa yalipokuwa yakiamuliwa mjini Augsburg. Mtoto alikuwa na miaka minne. Baba hakumweleza lolote juu ya mabishano ya wafalme na maaskofu. Alimsimulia bustani nzuri ambamo watoto wanaookota matofaa na peazi chini ya miti wana farasi wadogo wenye hatamu za dhahabu, na kwamba Hans naye ataruhusiwa kuingia humo akiwa mtoto anayesali na kusoma vizuri. Ukiipata barua ya namna hiyo, hata iwe ya mistari minne, inukuu ilivyo pamoja na makosa yake ya herufi, wala usiieleze.

Namna ya kupanga ulichokusanya imeonyeshwa vizuri katika Matendo ya Mitume sura ya 9, pale mwanafunzi aitwaye Tabitha, au Dorkasi, anapofariki huko Yafa. Petro anapofika, wajane hawamtolei hotuba juu ya ukarimu wa marehemu. Wanasimama karibu naye wakilia, wakimwonyesha kanzu na nguo alizowatengenezea alipokuwa pamoja nao. Mimi huifanya hiyo kuwa kanuni ya kazi: kila sifa itafutie kanzu yake. Ukiandika kwamba alikuwa mkarimu, weka mbele ya wasikilizaji kile alichokitoa. Ukiandika kwamba alikuwa mvumilivu, sema alimvumilia nani, wapi, kwa muda gani. Sifa ambayo umeitafutia kanzu ukaikosa, ifute, na ile uliyoipatia kanzu nzuri mara nyingi unaweza kulifuta neno lenyewe la sifa ukabakiza nguo.

Chunguza pia kama marehemu aliacha maagizo. Wachungaji huzika watu wengine kwa miaka mingi, na katika mahubiri hayo huzungumza juu ya kifo chao wenyewe bila familia kutilia maanani. Martin Luther King, mpigania haki za Wamarekani weusi aliyekuwa mchungaji na baba wa watoto wanne, alihubiri tarehe 4 Februari 1968 katika kanisa la Ebenezer huko Atlanta, na mwishoni akaeleza angependa nini kisemwe siku ya mazishi yake. Aliomba msemaji asirefushe, asitaje tuzo ya amani ya Nobel aliyoipata mwaka 1964 wala mamia ya tuzo nyingine, wala shule alizosoma. Bali aseme kwamba alijaribu kuwahudumia wengine, kuwalisha wenye njaa, kuwavika walio uchi na kuwatembelea wafungwa. Aliuawa miezi miwili baadaye, tarehe 4 Aprili, na sauti yake iliyorekodiwa siku ile ilichezwa kanisani humo kwenye ibada ya mazishi yake tarehe 9. Pengine baba yako naye alisema jambo linalofanana na hilo katika Jumapili ambayo hakuna aliyeona umuhimu wa kuikumbuka. Waulize wana kwaya. Wao huketi karibu na mimbari na hukumbuka mengi.

Baba wa nyumba mbili

Sehemu ngumu kuliko zote ni ile inayohusu muda. Mchungaji aliyejitoa kwa kanisa alijitoa kwa saa ambazo zilikuwa za mtu mwingine pia, na watoto wake wanajua ni saa zipi. Waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 3, unamtaka msimamizi wa kanisa aisimamie nyumba yake vizuri, ukiuliza mtu asiyejua kuisimamia nyumba yake atalitunzaje kanisa la Mungu. Andiko hilo hupendwa sana katika wasifu za wachungaji, na hutumiwa kama cheti cha kufaulu. Lakini Biblia hiyohiyo haikuficha kwamba kuhani Eli hakuwazuia wanawe walipoharibika, wala kwamba wana wa Samweli walipokea rushwa ilhali baba yao alikuwa mwamuzi asiyelaumika. Kwa hiyo mwandishi asione kwamba heshima ya marehemu inategemea kuthibitisha kwamba nyumba zote mbili zilipata haki sawa. Aghalabu hazikupata.

Zipo njia mbili mbovu za kushughulikia jambo hili. Moja ni kulifunika kwa sentensi laini: "Pamoja na majukumu mengi ya kanisa, baba hakuwahi kuisahau familia yake." Wanaojua ukweli wakisikia sentensi hiyo huacha kuyaamini hata yale mengine ya kweli. Nyingine ni kulifanya kuwa mashtaka, mtoto akisimama mimbarani kudai mbele ya watu deni ambalo mdaiwa hawezi tena kulijibu. Njia iliyo bora ni kuweka tendo lilivyokuwa na kuliacha liseme. Tazama rasimu hii, ambayo ni yangu ya kielelezo: "Simu iliita wakati wa chakula cha jioni mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu, na baba aliinuka kuipokea. Tulijifunza kumfunikia sahani yake. Aliporudi usiku alipita kitanda hadi kitanda akituvutia shuka, na sisi tulijifanya tumelala ili asitupite." Hapana lawama humo, wala hapana utetezi, na mtoto wa mchungaji yeyote akisikia atajua kwamba anaambiwa ukweli.

Anayehitaji kielelezo cha kuchagua maneno bila kusema uongo asome ombolezo la Daudi katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 1. Sauli alikuwa amemtupia Daudi mkuki na kumwinda kama mnyama. Daudi anapomwombolezea hautaji mkuki, lakini pia hadai kwamba Sauli alimtendea mema. Anasema yaliyo kweli: kwamba yeye na mwanawe Yonathani walikuwa wepesi kuliko tai, hodari kuliko simba, na kwamba Sauli ndiye aliyewavika binti za Israeli mavazi mekundu. Maneno ya moyoni, yale ya "ndugu yangu", anamwekea Yonathani peke yake. Kila mmoja amepewa kilicho chake.

Na ikiwa marehemu alimwumiza mtu wa nyumbani mwake kwa namna isiyo ndogo, mtu huyo asilazimishwe kuandika wala kusoma. Mpeni mwingine kazi, uandikwe wasifu mfupi wenye tarehe na utumishi tu, na iwe hivyo.

Siri alizokufa nazo

Mchungaji alisikia maungamo, alipatanisha wanandoa, alijua nani aliyelipiwa karo na nani. Usimtaje aliyesaidiwa hata kama kisa chake ni kizuri kuliko vyote ulivyokusanya, isipokuwa mwenyewe amekuja akakuruhusu kwa kinywa chake. Kumficha jina lakini ukabakiza kijiji, mwaka na idadi ya watoto si kumficha. Ukikuta miongoni mwa madaftari yake lile la ushauri, lifunge pale ulipotambua ni la nini, na umwulize kiongozi wake wa kanisa utaratibu wa kulikabidhi au kuliteketeza. Hata watoto wake hawana haki ya kulisoma.

Lugha

Maneno ya msibani yamezoeleka mno hata yamelainika kama sarafu ya zamani: nguzo ya familia, pengo lisilozibika, mti mkuu umeanguka, Mungu alimpenda zaidi. Siyakatazi yote, kwa kuwa mwenye huzuni hukimbilia maneno aliyoyazoea na hakuna wa kumlaumu, lakini katika karatasi yako ruhusu moja tu, kisha uone kama kweli unalihitaji. Penda kitenzi kuliko kivumishi. "Alitembea" ina nguvu kuliko "mwenye bidii", hasa ukieleza alitembea kwenda wapi na mvua ilikuwaje.

Ugonjwa upewe sentensi mbili au tatu. Taja kwamba aliugua, kwa muda gani, na nani waliomwuguza, kwa sababu wauguzaji wa nyumbani husahaulika haraka. Orodha ya vipimo na malalamiko juu ya matibabu, hata yakiwa ya haki, yana mahali pake kwingine. Usimwache pia marehemu kitandani kwa muda mrefu mno mwishoni mwa wasifu. Nimeona karatasi ambamo mtu aliyeishi miaka 78 alikuwa mgonjwa katika nusu ya kurasa.

Kuhusu andiko la kufungia, karibu kila wasifu wa mchungaji huishia na waraka wa pili kwa Timotheo, sura ya 4: "Nimevipiga vita vilivyo vizuri, mwendo nimeumaliza, Imani nimeilinda." Ni maneno mazito, lakini kumbuka kwamba Paulo aliyasema mwenyewe juu ya maisha yake mwenyewe. Kumwekea kinywani mtu ambaye pengine hakuthubutu kujisema hivyo kunahitaji kufikiriwa. Kama marehemu alikuwa na andiko lake, lile alilolipigia mstari au alilolirudia akiwaaga watoto, tumia hilo, hata kama halihusu kifo kabisa. Mchungaji mmoja alimaliziwa na mstari wa Mithali juu ya mdudu chungu na uvivu, na watu wa nyumbani mwake walitabasamu huku wakijifuta machozi, kwa sababu ndio uliowaamsha kila asubuhi.

Kuusoma

Piga chapa upande mmoja wa karatasi, kwa herufi kubwa, nafasi pana kati ya mistari, na nambari juu ya kila ukurasa. Usisome kutoka kwenye simu, ambayo huzima au kupokea ujumbe katikati ya jina la mtu. Aya isivuke ukurasa. Soma kwa sauti nyumbani angalau mara mbili, na uweke alama ya penseli pale sauti inapokatika, maana itakatika palepale tena; ukipafahamu, utasimama kabla ya mahali hapo, uvute pumzi, kisha uendelee. Awepo msomaji wa pili aliyeketi karibu akiwa na nakala yake, anayefuatilia kwa kidole, ambaye akiona umeshindwa atainuka na kuendelea kutoka neno lilelile bila kutoa maelezo yoyote. Mwambieni kiongozi wa ibada mapema kwamba mmepanga hivyo.

Usome polepole kuliko unavyodhani inafaa. Baada ya jina la mjane nyamaza kidogo.

Karatasi uliyoisoma usiitupe, wala usiigawe ikaisha. Andika nyuma yake jina lako, tarehe na majina ya waliokusimulia, kisha uiweke mfukoni pamoja na penseli, kwa sababu ibada ikiisha, watu wakiwa bado wanatoka, atakuja mtu usiyemjua atakushika mkono na kukuambia jambo moja juu ya baba yako ambalo hukuwa umelisikia kamwe. Mwombe alirudie polepole, na uliandike hapohapo.